Kupiga Goti na Kuinuka Mkavu

Mtu wa kwanza kusingiziwa kwa sababu ya ugonjwa wangu alikuwa mwanangu Koku, naye hakuwa ametimiza hata miezi miwili. Ilikuwa Jumapili, masika yamekolea, na wazee watatu wa ukoo wa mume wangu walikuwa wamefika Buganguzi kumwona mtoto. Nilitoka chumbani nimembeba, nikapiga magoti mbele yao kwenye sakafu ya sebule ya mama mkwe wangu, nikawasalimia mmoja mmoja kama mwanamke aliyeolewa Uhayani anavyotakiwa. Salamu zetu hazina haraka. Mzee anauliza habari za nyumbani kwenu, unaitikia, anashukuru, anauliza za mtoto, anashukuru tena. Kote huko sikupata shida. Nilipoinuka ndipo nikasikia maji ya moto yakishuka pajani, na nilipotazama chini, pale nilipokuwa nimepiga magoti saruji ilikuwa imelowa.

Nikasema, "Koku amekojoa."

Wazee wakacheka, wakasema mtoto akikukojolea mbele ya wageni ni baraka. Mama mkwe wangu akaja na tambara akapafuta. Mimi nikarudi chumbani, nikamlaza Koku ambaye alikuwa mkavu kabisa, nikakaa kitandani nikalia.

Naandika haya sasa kwa sababu yamepita, na kwa sababu wakati yananipata sikuwahi kumsikia mwanamke hata mmoja akiyasema. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza, ndipo nikaanza kuficha. Kama wewe unayesoma unakunja miguu kila ukitaka kupiga chafya, basi nakuandikia wewe.

Koku alizaliwa mkubwa, kilo nne na kitu, baada ya uchungu wa siku nzima na usiku wake. Nilichanika, nikashonwa, nyuzi zikapona, na kila mtu akanipongeza. Kilichobaki hakikuwa na jina. Nikikohoa, ninavuja. Nikiinua ndoo, ninavuja. Nikicheka na wenzangu, ninavuja, kwa hiyo nikaacha kucheka. Jioni nilikuwa nasikia uzito huko chini, kama kuna kitu kinataka kutoka na kimeshindwa kuamua. Nilikata kanga mbili za zamani vipande vipande, nikawa navifua kwa siri na kuvianika chini ya nepi za mtoto. Kwenye kliniki ya watoto niliwahi kugusia kidogo kwa wanawake tuliokaa nao benchi moja. Mmoja akanijibu kwamba uzazi ndivyo ulivyo, mwingine akasema nishukuru nimetoka hai. Sikugusia tena.

Baada ya ile Jumapili niliacha kupiga magoti. Niseme kwa wasiotoka kwetu kwamba hilo si jambo dogo. Mama mkwe wangu, Ma Paskazia kama Buganguzi nzima inavyomwita, ni mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na kibanja chake cha migomba na kahawa hakina jani kavu lililokaa vibaya. Nyumba yetu na yake, alikoniuguza miezi ya kwanza ya uzazi, zimo katika kibanja kimoja. Kila asubuhi kabla sijaenda shuleni kufundisha, nilikuwa naingia kwake, nampigia magoti, namsalimia. Huwa anakaa mahali pale pale, kwenye mkeka karibu na mlango, juu ya kanga nyeusi iliyokunjwa mara nne. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya baridi ya saruji.

Sasa nikawa nasimama mlangoni na mtoto mkononi, nainamisha kichwa kidogo, nasalimia, naondoka. Mwanzoni alidhani ni mishono. Miezi mitatu ilipopita akaacha kudhani hivyo. Kwangu hakusema neno. Alimwambia jirani, na jirani hakuchelewa kuniletea: Ma Paskazia anasema ualimu umemwingia mukamwana wake magotini.

Nililipokea neno hilo kama kofi. Nilimpenda yule mama. Yeye ndiye aliyenikanda maji ya moto, akanipikia mchuzi wa mifupa, akanilisha ndizi laini kwa mkono wake wiki nzima ambayo sikuweza kukaa. Na sasa nilikuwa namfanya aamini kwamba namdharau. Lakini kumwambia ukweli nilishindwa. Ningeanzaje? Mama, sisimami kwa kiburi, nasimama kwa sababu nikiinuka nitakojoa mbele yako?

Na kwa mume wangu hali haikuwa nzuri zaidi. Muganyizi ni fundi pikipiki pale Kagoma, mtu wa maneno machache na mafuta mengi ya mashine kwenye kucha. Kila aliponisogelea nilimgeuzia mgongo. Mwishowe asubuhi moja aliniuliza, bila hasira, huku akifunga kamba za viatu, kama nimempata mtu mwingine. Nilishangaa mpaka nikataka kucheka, ila kucheka kwenyewe nilikuwa nimekuacha.

Kisha mwezi wa Julai, kahawa imeanikwa kwenye mikeka kila nyumba, nilimpeleka Koku kliniki Muleba. Nilimwinua kumweka kwenye mzani, kikohozi kikanijia, nikasimama pale nimebana miguu kama mtoto wa darasa la kwanza aliyenyimwa ruhusa ya kutoka. Mkunga aliyekuwa anaandika kwenye kadi aliinua macho. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unavuja?"

Nikaitika. Hakuniambia nishukuru. Aliniambia hili lina tiba, tena ni mazoezi tu, akaniandikia karatasi ya kwenda kitengo cha fiziotherapia katika hospitali moja kubwa mjini Bukoba. Nilitoka pale nimeishika ile karatasi utadhani cheti cha ubatizo. Lilikuwa limepatikana neno la kuniuliza, na mimi nilikuwa nimelijibu.

Jioni ile nikamwambia Muganyizi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nilimweleza yote nikitazama beseni. Akapumua kwa nguvu, akasema, "Kumbe ni mkojo tu?"

Hiyo "tu" ilinikera sana, nikaingia ndani nikafunga mlango. Leo naelewa kwamba alikuwa ameshaanza kufikiri mambo mabaya zaidi, na mkojo ulikuwa habari njema kwake. Asubuhi yake niliamka nikakuta ndoo zote zimejaa. Tangu siku hiyo akawa anachota maji yeye, ndoo mbili kwenye baiskeli, na vijana wa Kagoma walipomtania kwamba ameolewa, aliwajibu kwamba ndiyo, na anakula vizuri.

Kila kliniki yangu ilikuwa Alhamisi, baada ya wiki mbili au tatu. Jumatano nilikuwa naomba ruhusa shuleni, nalala Kanazi kwa mama yangu mzazi, kesho yake naingia mjini mapema. Mama yangu nilimwambia ni mgongo. Korido ya fiziotherapia ina mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, kwa hiyo huna pa kuficha uso. Kulikuwa na vijana wa bodaboda wenye vyuma miguuni, kulikuwa na babu mmoja wa mjini aliyepooza mkono, anabonyeza mpira wa tenisi kwa bidii, na kulikuwa na mimi, mzima machoni pa watu, na mtoto mgongoni.

Yule babu aliniuliza nimevunjika wapi. Nikasema mgongo. Alinionea huruma, akaniombea, na tangu siku ile kila nilipofika korido nzima iliulizia mgongo wangu. Sijawahi kuwa na mgongo uliojulikana na watu wengi hivyo.

Mtaalamu wangu aliitwa Ndeshi, dada wa Moshi, mfupi, mwepesi wa mikono, mwenye chumba kidogo chenye kitanda na pazia la kijani. Siku ya kwanza aliniuliza maswali ambayo hata wakati wa kujifungua sikuulizwa, tena kwa utulivu, kama anauliza bei ya nyanya. Kisha akanipima. Sitaeleza zaidi ya kusema kwamba aliomba ruhusa kabla ya kila kitu na kwamba haikuuma. Akaniambia misuli ya chini imechoka na imesahau kazi, na tutaikumbusha. Nivute kwa ndani na juu, nihesabu, niachie. Nirudie mara kumi, mara tatu kwa siku.

Nilikwenda nyumbani nikafanya kwa bidii ya mwalimu. Nilivuta hewa, nikabana tumbo, nikakaza uso mpaka masikio yakapata joto. Wiki mbili baadaye nilikuwa navuja zaidi. Mara ya pili nilimwonyesha Ndeshi ninavyofanya, akaniambia niache mara moja. Nilikuwa nasukuma badala ya kuvuta. Nilikuwa nafanya vile vile nilivyofanya kumtoa Koku, na kwa jasho langu lote la siku kumi na nne nilikuwa nabomoa tu.

Nililia pale kitandani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.  Ndeshi akaniuliza dini yangu, nikamwambia Mkatoliki.

"Basi fikiria uko kanisani," akasema, "benchi la mbele, kimya, umekula maharage, na upepo umekubana. Na padri ndiyo huyo anapita karibu na wewe. Unafanyaje?"

Nilifanya. Akasema hiyo hapo, ndiyo yenyewe, usiipoteze. Nilicheka na machozi usoni, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano nilicheka bila kukunja miguu, kwa kuwa nilikuwa nimelala chali na yeye alikuwa ameniwekea pedi. Siku ile niliweza kushikilia kwa hesabu ya tatu. Nilipofika nne, misuli ilidondoka kama mwanafunzi wa dawati la nyuma saa ya mwisho.

Mara ya tatu ilikuwa mwanzo wa Septemba, na nilikwenda na aibu mpya. Mazoezi sikuyafanya. Nyumbani Koku haniachi, shuleni kuna watoto sabini mbele yangu, na nikilala chali mchana ndani ya kibanja cha Ma Paskazia, majirani wawili watakuja kuniuliza ninaumwa nini. Nilimweleza Ndeshi hivyo, nikijua kwamba kwa mwalimu hivyo vyote ni visingizio. Hakunigombeza. Aliniuliza kuna jambo gani ninalifanya mara nyingi kwa siku na hakuna mtu anayelishangaa.

Nikamwambia hakuna. Kisha, kwa uchungu kidogo, nikamwambia lilikuwepo, kupiga magoti kusalimia, ila hilo nimeliacha kwa sababu ya huu huu ugonjwa, na sasa mama mkwe ananiona mwenye dharau.

Ndeshi akaweka kalamu chini. Alitaka nimwonyeshe. Nikapiga magoti kwenye mkeka wake wa mazoezi, nikamsalimia kwa Kihaya kana kwamba yeye ndiye Ma Paskazia, na yeye akaitikia kwa Kichaga, tukaenda hivyo. Alinizunguka akitazama. Mwishowe akasema hawezi kunitungia zoezi zuri kuliko hilo. Nivute kabla ya kushuka. Nikiwa chini niendelee kuvuta wakati nasalimia, maana mtu anayeongea hawezi kubana pumzi. Niachie, nipumzike wakati mzee anajibu. Halafu nivute tena, nitoe pumzi, ndipo niinuke. Nilirudia mara sita, mara ya sita nikainuka mkavu. Nilisimama pale nikijitazama miguu.

Lakini sikuthubutu kuanzia sebule ya mama mkwe. Sakafu ile niliiogopa. Nikaamua kwanza nijaribu kwa wazee wengine, nje, kwenye udongo unaokunywa siri. Nikaanza kuwatafuta. Mzee akipita kwenye njia ya migomba, namwekea goti. Bibi akitoka misani, napiga magoti kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, na nilichagua wale wenye salamu ndefu. Kuna babu mmoja nyuma ya shule anayeuliza mpaka habari za mbuzi wa mjomba wako. Wengine humkwepa. Mimi nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nikutane naye, na kwa babu yule peke yake nilitoka kwenye tatu nikafika tano.

Buganguzi ikaanza kusema. Wengine walisema mwalimu ameokoka. Wengine walisema nagombea udiwani. Na maneno hayo, kama yale ya kwanza, yakatembea mpaka yakafika kwenye mkeka ulio karibu na mlango.

Ilikuwa Jumamosi, nimekwenda jikoni kwake kumsaidia kumenya ndizi. Tulikuwa na la kuzungumza, kwa sababu Asimwe, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa amechumbiwa, na wakwe walitarajiwa kuja kwa sherehe mwanzoni mwa Desemba. Siku kama hiyo mke wa mtoto wa kwanza ndiye anayenawisha wageni na kuwapa kahawa ya kutafuna, kwa magoti, mmoja baada ya mwingine, na mkwe anayeheshimiwa kazi hiyo hanyang'anywi. Ma Paskazia aliniambia, akiwa hanitazami, kwamba kazi hiyo atampa Leokadia, mke wa mdogo wa kiume wa Muganyizi.

Nikauliza kwa nini, nikijua.

Akaweka kisu chini. "Wazee wa barabarani unawapigia magoti mpaka suruali zao zinaona aibu," akasema. "Mimi niliyekuosha damu unanisalimia umesimama. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa, na sauti yake ilikuwa imepasuka mwishoni. Nikamwambia. Nilisema yote, kuanzia ile Jumapili ya wazee, vipande vya kanga, Alhamisi za Bukoba, Ndeshi, padri na maharage, mpaka kwa nini wale wa barabarani na si yeye. Nilimwambia nilikuwa nafanya mazoezi huko nje ili siku nitakayompigia magoti yeye niinuke mkavu.

Akachukua kisu, akamenya ndizi moja mpaka mwisho.

"Kumbe siku ile haikuwa Koku," akasema.

"Haikuwa Koku, mama."

"Na nilimsema mjukuu wangu kwamba kibofu chake ni kama cha bata." Akamenya nyingine. Kisha akauliza kama ni kwa kikohozi tu, au na kwa kuinua ndoo pia. Nikasema na ndoo. Na wakati wa kushuka mteremko? Nikasema na mteremko. Na ukifika mlangoni na ufunguo mkononi, ndipo mkojo unasema sasa hivi? Nikasema ndiyo, hasa hapo. Alitikisa kichwa. Nilikuwa nimefarijika mno kiasi kwamba sikujiuliza swali la ufunguo amelitoa wapi.

Jumapili asubuhi niliingia kwake, nikavuta, nikapiga magoti kwenye saruji. Nikasalimia. Akaitikia, akauliza habari za Muganyizi. Akauliza habari za mama yangu Kanazi, na kahawa ya Kanazi, na kama paa la jiko la mama yangu lilishatengenezwa. Akauliza habari za mwalimu mkuu, mtu ambaye hampendi. Nikaanza kuchoka, nikadhani ananiadhibu. Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameiweka mapajani, na kila akiuliza alikuwa anakunja kidole kimoja. Alipofika cha tano akanitazama.

"Si ulisema umefika tano?" akasema. "Haya, inuka taratibu."

Niliinuka. Saruji ilikuwa kavu, nasi sote wawili tuliitazama.

Tangu hapo Ma Paskazia ndiye akawa fiziotherapia yangu ya kila siku. Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, tulifika saba. Ndeshi, mara ya nne na ya tano, alinipima akashangaa, akauliza ninafanya nini. Nilipomweleza kuhusu vidole, alisema angemwajiri mama mkwe wangu. Novemba senene wakaja, kila mtu akawa anang'oa mabawa na miguu vibarazani, na mimi nilikaa chini nikainuka, nikakaa nikainuka, bila kufikiri. Mara ya sita yule babu wa mpira aliulizia mgongo. Mkono wake ulikuwa umeanza kufunguka, na mimi nilijisikia vibaya kumdanganya mtu aliyeniombea. Nikamwambia, babu, si mgongo, ni uzazi, nilikuwa nashindwa kuzuia mkojo. Vijana wa bodaboda wakatazama chini. Babu akasema basi amekuwa akiombea mahali pasipo penyewe, lakini Mungu alijua pa kupeleka.

Siku ya wakwe ilifika. Nilivaa gauni la rangi ya krimu, na hilo peke yake lilikuwa tendo la imani, kwa sababu miezi tisa nilivaa nguo nyeusi tu. Leokadia alibeba maji ya akiba, mimi nikashika jagi na beseni. Wageni walikuwa ishirini na watatu. Kushuka, kunawisha, kusalimia, kuinuka. Mgeni wa kumi misuli ilikuwa bado yangu. Mgeni wa kumi na nane alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mkubwa mwenye fimbo, na hapo moshi wa jikoni ukapitia dirishani ukaniingia puani. Nikasikia chafya inakuja. Nikaganda magotini, jagi mkononi, navuta kwa nguvu zangu zote, na kuinuka siwezi.

Kutoka upande wa pili wa sebule nikasikia Ma Paskazia akimwuliza yule mzee habari za safari. Akamwuliza barabara ilikuwaje. Akamwuliza ng'ombe waliochelewa kuzaa mwaka jana sasa wanaendeleaje, ng'ombe ambao mimi nina hakika alikuwa hajawahi kuwasikia. Mzee akafurahi, akaeleza ng'ombe mmoja mmoja. Mimi nikapiga chafya yangu nikiwa chini, nimevuta, nikapumzika, nikavuta tena, nikatoa pumzi, nikainuka. Lilitoka tone moja labda, na hilo nilikuwa na mahali pa kuliweka. Nikaenda kwa mgeni wa kumi na tisa.

Jioni, wageni wameondoka, Muganyizi alibeba masufuria bila kuombwa, na Asimwe alicheza mpaka akavua viatu. Mimi nilicheka wazi, miguu imeachana. Nilikuwa nimeisahau sauti yangu ya kucheka, na nikaona mume wangu amesimama na sufuria mikononi, anaisikiliza.

Sijapona mia kwa mia. Nikiwa na mafua ninavaa pedi, na ndoo kubwa bado ni za Muganyizi. Lakini nafundisha nikiwa nimevaa rangi yoyote ninayotaka, na nyumba yangu ina amani. Koku naye ametembea, na siku hizi akilowesha sakafu ni yeye kweli.

Ila kuna asubuhi moja ya Januari ambayo lazima niiseme. Niliingia kwa Ma Paskazia kama kawaida, nikapiga magoti, nikasalimia. Nikangoja ajibu. Hakujibu. Alikuwa amekaa mkekani amenyooka kuliko anavyokaa siku zote, macho yametazama ukutani, midomo imebana kidogo. Kanga yake nyeusi haikuwa chini yake. Ilikuwa nje kwenye kamba, nilikuwa nimeipita nikiingia bila kuitambua.

Nikamwuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Mikono ilikuwa mapajani, na vidole vilikuwa vinakunjwa kimoja kimoja, polepole.

"Nane," akasema. "Subiri, mwalimu. Zimebaki mbili."

Nikabaki magotini. Nikavuta na mimi, tukazimalizia pamoja.